Mifuko Ishirini ya Sampuli

6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimezoea kuanza na habari za nyumbani, lakini leo nikianza nazo nitaishia nazo, nitafunga bahasha kabla sijasema nililokaa kuliandika. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Ile mifuko ishirini ya sampuli niliyoipeleka kituoni mwishoni mwa Aprili, machungwa yaliyokuwemo ni ya kwetu. Yote.

Kazi yenyewe unaijua, kwa sababu wewe ndiye uliyeniombea. Nilipewa orodha ya mashamba ishirini ya bonde hili. Kila shamba nichume machungwa kumi na mawili, matatu kila upande wa mti, usawa wa bega, niyatie mfukoni, nifunge kibandiko chenye namba na jina la mwenye shamba. Fundi wa kituo anakamua, anadondosha tone kwenye kipima utamu, anachungulia kama mtu anayetazama kwenye tundu la ufunguo, kisha anaandika. Wastani wa mifuko yote ukifika kumi, bodi ya matunda inafungua msimu. Usipofika, watu wanasubiri.

Siku ya kwanza nilikwenda shamba la kwanza kwenye orodha. Nilisimama getini. Ndani walikuwa wanacheka, sijui walicheka nini, nikaona nikibisha watanyamaza wote wanitazame, na itabidi niseme mimi ni nani na nimetumwa na bodi. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Getini ikaniishia. Nilisimama mpaka mbwa wao akachoka kunibwekea, akalala. Nikarudi nyumbani. Siku ya pili nilikwenda shamba la pili, ambako hata mbwa hakuwepo, nikarudi vilevile. Siku ya tatu nikachukua mifuko yote nikaingia shambani kwetu. Nilichuma kwa uangalifu sana, Shangazi. Matatu kila upande, usawa wa bega, mti tofauti kwa kila mfuko. Baba aliniona, akadhani serikali imeyapenda machungwa yake, akanibebea kikapu.

Shamba letu liko mteremkoni, jua linalipiga tangu linapochomoza. Walioko chini, karibu na kijito, ukungu hauwaondoki mpaka saa nne. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa nimelisahau, au nilijisahaulisha.

Tarehe ya kufungua msimu haijatangazwa bado. Je, naweza kuandika nikaomba sampuli zichukuliwe upya? Nimwandikie nani? Nisipojua cha kuandika juu ya bahasha siwezi hata kuanza.

Nyumbani wote wazima. Mama amenunua cherehani ya yule jirani aliyehama. Inaruka mshono mmoja kila baada ya mitano, lakini Mama anasema na yeye yapo mambo anayoyaruka, wataelewana. Bibi amekataa meno mapya, anasema yanamfanya aongee kama mgeni. Sikukupigia simu kwa sababu unanijua mimi na simu.

Mwanao,
mtoto wa kaka yako

27 Mei

Mwanangu, marahaba.

Umeniona kimya ukadhani nimekufa. Sijafa, nimechoka tu. Lifti ya jengo letu imeharibika mwezi wa pili sasa, na mimi nakaa ghorofa ya tano. Nikishafika juu na mfuko wa sokoni, kalamu nayo ni mzigo. Faida ni kwamba sketi ya bluu imenikubali tena. Mwambie mama yako asiichoshe sana ile cherehani kabla sijaja, nina nguo nne zinazomsubiri. Na Bibi mwambie meno ni ya kulia, si ya kuongelea, hiyo lugha ya kigeni atumie mezani tu.

Kazini ni machungwa asubuhi, machungwa jioni. Mkurugenzi wa bodi ameamua kila mtu nchini ale chungwa, apende asipende. Idara yetu ya matangazo ndiyo imebeba shughuli hiyo. Nimekutumia mabango kumi na mawili katika furushi la peke yake. Mtoto unayemwona pichani hapendi machungwa hata kidogo. Tulimpa karoti ang'ate, chungwa likashikwa mbele yake. Na chungwa lenyewe tulilipaka mafuta ya kupikia ling'ae. Usimwambie mkulima.

Kuhusu ile habari yako. Karatasi ikishafika huku, imefika. Msimu unafunguliwa tarehe moja Juni na redio imeshatangaza. Machungwa ni machungwa, mengine yatawahi, mengine yatachelewa, mwisho wote watauza. Usijitie homa kwa jambo lililokwisha pita. Kula, lala, fika kazini mapema.

Na barua za namna ile usizilete kwa anwani ya ofisi. Hapa zinafunguliwa na dada wa mapokezi, ambaye hana siri hata ya umri wake. Anwani ya nyumbani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Shangazi yako

19 Juni

Shangazi, shikamoo, na pole na ngazi.

Mabango yalifika bila kukunjika. Moja nimelibandika posta, moja dukani, mawili kituoni, moja nyuma ya meza yangu ofisini, na mengine nimewagawia wenye mashamba. Yaani niliyaacha kwa karani, yeye ndiye aliyewagawia. Bibi anasema huyo mtoto anang'ata kama mtu mwenye jino bovu. Nilipomweleza habari ya karoti alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongo. Baba ameshauza kreti zote za awamu ya kwanza. Amefurahi, ameanza kusema habari ya kubadilisha mabati.

Sasa yaliyotokea.

Unamkumbuka mzee wa shamba la mwisho kule kijitoni, yule aliyefiwa na mkewe, wanayemwita Kanuni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mwenendo wake. Kibali chake cha kuuza matunda amekifunga ndani ya nailoni na kukitundika sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Tozo ya bodi analipa siku ya kwanza, ofisi ikiwa haijafagiliwa. Mwaka fulani aligundua amelipia kreti moja pungufu, akarudi kujishtaki mwenyewe, na karani hakujua aandike nini kwa sababu fomu ya mtu kujishtaki haikuwepo. Watu humtania kwamba hata akiota anaota na stempu.

Msimu ulipofunguliwa kila shamba lilipewa zamu yake ya lori la bodi. Zamu ya Kanuni ilikuwa siku ya tatu. Alikuja ofisini kabla yake akamwambia karani kwamba machungwa yake bado. Karani akamwonyesha tangazo. Kanuni akalisoma lote, mpaka jina la aliyetia sahihi, akasema kama bodi imesema yameiva basi yeye ni nani. Akaenda akachuma.

Huko soko kuu wakaguzi hufungua kreti moja katika kila hamsini. Waliyoifungua ilikuwa yake. Yalikuwa makali kiasi kwamba lori zima lilirudishwa.

Jumanne akaja mkaguzi wa wilaya. Kanuni aliitwa ofisini kwetu, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini. Mkaguzi alimuuliza machungwa yale ameyatoa wapi. Akajibu, shambani kwake. Mkaguzi akatoa karatasi ya kituo akaisoma kwa sauti: mfuko namba kumi na nne, jina lake, utamu kumi na moja na nusu. Akasema kwamba machungwa ya shamba hilo yalikuwa matamu tangu Aprili, kwa hiyo haya makali lazima yatoke kwingine, kwenye mashamba ya vichakani yasiyosajiliwa wala kulipa tozo. Yaani magendo. Alimwambia Kanuni kwamba ametumia stempu za serikali kuuza magendo.

Kanuni akasema hakumwona mtu yeyote akija kuchuma sampuli kwake.

Karani akanielekezea kalamu. "Huyu hapa ndiye aliyekuja."

Wote walinitazama. Mimi nilitazama daftari. Nilikuwa nimeshika rula, nikapiga mstari chini ya neno ambalo halikuhitaji mstari. Kisha Kanuni akasema, bila hasira yoyote, "Kama binti alikuja, basi alikuja. Labda nilikuwa nimelala."

Mimi sikuwa nimesema kwamba nilikwenda. Lakini sikusema kwamba sikwenda.

Kibali chake kimefungiwa misimu mitatu. Alikileta mwenyewe kesho yake, na nailoni yake. Bila kibali hapewi stempu, na kreti isiyo na stempu hakuna lori linaloibeba. Ana miti mia moja na arobaini. Miti haijui kufungiwa, itazaa tu, na machungwa yataanguka chini ya miti. Rufaa itasikilizwa tarehe kumi na nne Agosti.

Nifanye nini? Nakuomba ujibu hilo tu, hata kama ni mstari mmoja.

Mwanao

2 Julai

Mwanangu, marahaba.

Umeomba mstari mmoja. Mstari wenyewe ni huu: nyamaza. Sasa nikueleze, maana nakujua, ukipewa jibu bila maelezo unalala nalo kitandani.

Kwanza, wewe si mkaguzi, si hakimu, si bodi. Ni mchukua sampuli wa muda mwenye miezi mitatu kazini. Makosa ya ofisi yana wenyewe wenye mishahara ya kuyabeba.

Pili, mfikirie baba yako. Ukisimama pale ukasema mifuko yote ni ya shambani kwenu, nani ataamini kwamba yeye hakujua? Alikubebea kikapu. Watasema mtoto wake alifungua msimu kwa ajili ya mteremko wa baba yake, na yeye akauza wa kwanza wakati wenzake wa chini wanachuma limau. Kibali chake ndicho kitakachofuata. Mabati anayoyasema atayaona kwenye picha tu.

Tatu, mimi. Ile barua ya kukuombea kazi ina sahihi yangu. Niliandika kwamba nakufahamu tangu unazaliwa na kwamba ni mwaminifu.

Kanuni ni mzee. Watoto wake wakubwa, wako huko waliko wanafanya kazi, hawatamwacha na njaa. Na bodi haina kumbukumbu ndefu hivyo. Misimu mitatu hufungwa kwa kelele na hufunguliwa kwa ukimya. Nimeona.

Kuna jambo jema. Septemba wanaanza mafunzo ya ukaguzi wa matunda, mwaka mmoja, malazi bure. Idara yetu ina nafasi mbili za kupendekeza. Ukikaa kimya mpaka rufaa ipite, moja ni yako. Utakaa kwangu mwisho wa juma, tutapanda ngazi pamoja.

Msalimie kaka yangu. Usimwonyeshe barua hii.

Shangazi yako

15 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nakushukuru kwa kujibu haraka. Barua yako nimeisoma mara nyingi na sioni penye uongo ndani yake. Kuhusu Baba ni kweli. Kuhusu sahihi yako ni kweli pia, na ndilo linaloniuma zaidi.

Ila Kanuni hana watoto. Alikuwa na mmoja.

Mama amenifundisha kupandisha mkunjo wa sketi. Bibi alianguka bafuni, hakuumia, amelaumu ndoo. Baba ameshapima paa.

Nina swali jingine. Lile bango la nyuma ya meza yangu nimelitazama kila siku kwa wiki sita kwa sababu nikikaa nalielekea. Juu lina maneno makubwa, "Machungwa Mapya, Kuanzia Tarehe Moja Juni." Chini kabisa, kwenye ukingo, lina maandishi madogo ambayo mtu hayaoni mpaka ameketi karibu. Yanasema limechapwa wapi, nakala elfu nane, na mwezi: Aprili.

Mifuko nilipeleka kituoni tarehe ishirini na tisa Aprili. Fundi alikamua tarehe mbili Mei. Nilikuwepo, nilishika karatasi. Aliyepanga herufi za bango aliijuaje tarehe ambayo machungwa yalikuwa hayajaitoa?

Nilipoliona hilo kwanza nilifurahi, nakuambia ukweli. Nilijiambia kumbe ningebisha kwenye mageti yote ishirini msimu ungefunguliwa siku ileile. Nilirudi nyumbani mwepesi. Kisha usiku ule nikaona kwamba haibadilishi chochote. Tarehe huenda si kosa langu. Lakini mfuko namba kumi na nne una jina la Kanuni kwa mwandiko wangu, na ni mfuko huo unaosema kwamba yeye ni mwongo. Bango halimsemi Kanuni kitu.

Nilikwenda kwake Jumapili. Nilibisha. Tulichozungumza sitakiandika.

Naomba unijibu swali la bango.

Mwanao

6 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Nimekawia makusudi. Nilitaka nione kama utaandika tena bila kujibiwa. Hukuandika. Umekua.

Mwambie Bibi ndoo haina kosa, aweke kitambaa sakafuni. Lifti imetengenezwa, ikafanya kazi siku moja, imekufa tena na mtu ndani. Alitolewa baada ya saa moja akiwa mtulivu kuliko sisi tuliokuwa nje.

Mabango huchapwa mapema kwa sababu mitambo ina foleni. Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mtu yeyote anayeuliza.

Wewe si mtu yeyote, kwa hiyo naongeza. Katika kikao cha Machi mkurugenzi alisema tarehe moja Juni, kwa sababu wanunuzi wa nje walikuwa wanakuja wiki hiyo. Mtu wa maabara alisema sampuli bado. Mkurugenzi akasema sampuli zitakuja. Mimi nilikuwa nimekaa pale na rangi za bango mkononi, nikauliza kama wanapenda kijani au njano. Wakasema njano.

Ulipoandika ile barua ya kwanza ningeweza kukupa jina la kuandika juu ya bahasha. Nilikuwa nalo.

Sikushauri tena. Nafasi ya mafunzo inafungwa tarehe ishirini Agosti, na mtu aliyefukuzwa kazi hapendekezwi. Hiyo ni kanuni, sikuiweka mimi. Ukisema, sema lako. Ukisema na langu, sitakulaumu, lakini nitakuomba unitangulie kwa barua ili nisilisikie kwenye korido.

Barua hii ichane.

Shangazi yako

20 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliichana, kisha vipande nikavitia jikoni. Nyumbani wote wazima. Cherehani sasa inaruka mshono mmoja kati ya kumi, Mama anasema wameanza kuheshimiana.

Kikao kilifanyika kwenye ghala la chama cha wakulima kwa sababu ofisi yetu haitoshi. Waliondoa kreti tupu, wakaweka meza tatu mbele na viti nyuma. Watu walikuwa kama sitini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa na mafua, kila baada ya sentensi mbili anasimama kupenga. Mkaguzi wa wilaya alisoma mashtaka. Alisoma tena namba kumi na nne. Kisha wakauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kamati kuamua.

Nilisimama. Sentensi yangu ilikuwa fupi na nilikuwa nimeiandika kwenye kiganja, lakini mkono ulilowa jasho ikafutika. Nilisema kwamba sampuli namba kumi na nne si ya shamba lake, na nyingine zote si za mashamba yaliyoandikwa, ni za shamba la baba yangu, na baba yangu hakujua kazi yangu inavyotakiwa kufanywa. Mwenyekiti aliniambia nipaze sauti. Nikarudia. Akaniambia tena. Nilisema mara tatu, Shangazi. Nilidhani nitakufa mara ya kwanza, lakini mara ya tatu lilikuwa jambo la kueleza tu, kama njia ya kwenda posta.

Aliniuliza kwa nini sikuingia kwenye mashamba ya watu.

"Niliona haya," nikamjibu.

Mtu wa nyuma alicheka, akajizuia. Katibu aliuliza aandike vipi hilo. Walishauriana. Ameandika "sababu za kibinafsi."

Waliuliza kama nilitumwa na mtu. Nikasema hapana. Habari ya bango sikuisema. Hakuna aliyeiuliza, na mimi nilikuwa nimesimama kwa ajili ya mifuko. Lakini nikiulizwa siku moja sitaweza kusema sijui. Nakutangulia kwa barua kama ulivyoomba.

Kibali cha Kanuni kimerudishwa. Awamu ya kwanza imempita, ila ya pili atauza. Kibali cha Baba kimewekwa chini ya uangalizi msimu mmoja. Tulipofika nyumbani Baba aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akaniwekea sahani mwenyewe. Jana alisema mabati yatasubiri, hayaozi. Mimi nimeachishwa kazi siku ileile, nikaambiwa nirudishe mabuti na mifuko iliyobaki. Nafasi ya mafunzo imefungwa leo, najua. Na bodi imetoa agizo kwamba kuanzia mwakani kila mfuko wa sampuli utiwe sahihi na mwenye shamba, mbele ya mchukuaji. Kwa hiyo haya yangu imekuwa sheria. Bibi anasema wapo watu wanaokaa bungeni miaka mitano bila kufanikiwa hivyo.

Sasa nikuambie lile nililokataa kuliandika mwezi uliopita.

Jumapili ile nilipobisha, Kanuni alinifungulia mwenyewe, akaniweka barazani, akaniletea maji. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia kumi na nane.

"Basi nyamaza," akasema. "Mimi misimu mitatu nitaimaliza nimekaa. Wewe ndiyo kwanza watu wanaanza kulijua jina lako, usiwape hili wakujue nalo."

Nilimwambia siwezi. Tulibishana kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kubishana na mtu mzima. Nilipoondoka alikuwa hajakubali, na mimi pia.

Ghalani, nilipomaliza kusema, mkaguzi alisimama kabla sijakaa. Alisema huu ni mpango, kwamba mzee na binti wamekaa pamoja wakatunga, na ushahidi uliotungwa kamati haiwezi kuupokea. Mwenyekiti akapenga kamasi, akamgeukia Kanuni. Akamuuliza, kwa kiapo, kama habari hii aliijua kabla ya leo, na kama amewahi kuzungumza nami.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilijua atakavyojibu. Bonde zima lilijua atakavyojibu, maana hakuna aliyewahi kumsikia akiiambia ofisi neno lisilo kweli, na nilijua kwamba akisema ndiyo, yote niliyosema yanafutwa, na yeye anarudi nyumbani bila kibali.

Alisimama. Alivua kofia.

"Sikuijua," akasema. "Na huyu binti sijawahi kuongea naye. Ndiyo kwanza namsikia sauti."

Walimwamini bila kuuliza la pili, kwa sababu ni yeye.

Nje hakuja kunisalimia. Alinipita kama mtu asiyenijua, akashuka njia ya kijitoni peke yake, polepole, na kofia ikiwa bado mkononi.

Siri yangu sasa ni ya watu sitini na katibu wao, sina haja ya kuficha tena. Hii si yangu. Wewe ni mtumishi wa bodi, na ghorofa mkurugenzi anakokaa unaijua. Naomba usimwambie mtu, Shangazi. Hata Baba hajui.

Mwanao